Upande Ambao Sikuuona

MAELEZO YA SHAHIDI
Brigade ya gendarmerie, Lubumbashi. Jumanne, tarehe 22 Oktoba 1974, saa nane mchana.

Jina: Mukuka. Lile la batizo, Godefroid, serikali imelifuta kama ya Wakristo wote, lakini mutaani bado ndilo wanaloniitia.
Umri: miaka ishirini na moja.
Masomo: darasa la tano, na nusu ya la sita.
Kazi: muchoraji wa tablo na mwandishi wa vibao vya maduka. Kibao cha kinyozi kilicho mbele ya brigade hii ni changu, mukitoka mutazame ile mikasi.
Makao: Naviundu, chumba kimoja cha nyuma. Naishi peke yangu.

Nimemuomba adjudant Kasimu kalamu niandike mwenyewe, maana yeye anaandika herufi moja na kupumua mara mbili. Amecheka, amenipa. Watu nitawaandika kwa majina wanayoitwa kweli, si yale ya kadi ya chama. Kama kuna adhabu yake, iwekwe pamoja na zingine.

Shitaka nalijua. Citoyen Adalbert, mekanisien wa treni, yaani anayeiendesha, jirani yangu wa nyuma ya ukuta, anasema bibi yake Hortense alilala na mimi wakati yeye yuko safarini. Hakulala na mimi. Mimi ndiye niliyesema alilala na mimi, mbele ya watu, na nilidanganya. Nimelisema hili tangu Jumapili na hakuna aliyenisikiliza, sasa naliandika kwa herufi nzuri.

Mnamo tarehe 3 Machi, Jumapili, saa kumi na nusu jioni, nilikuwa nachora kwenye ukuta wa nyuma. Mvua ya wiki ile ilikuwa imetoa udongo kati ya matofali mawili, kitobo cha upana wa vidole viwili kikabaki. Upande wa pili nikasikia mwanamuke anazungumza. Alisema, "Adalbert, bukari iko moto. Mayi ya kuoga iko tayari. Sikuchelewa." Nami nilijua Adalbert yuko Kolwezi na treni yake. Nikainama nione ni mwanaume gani anaitwa Adalbert kama yeye.

Hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na koti la kazi la bwana yake, limetundikwa kwenye kamba, na Hortense amesimama mbele yake na sahani ya bukari, ugali wetu, mukononi. Alisema maneno yale tena, polepole zaidi. Kisha akakaa kwenye kibao akala peke yake, macho kwenye koti.

Mimi mama yangu alikufa nikiwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo hakuna mutu aliyeniuliza kama bukari yangu iko moto. Niliona yule mwanamuke ana ugonjwa wangu. Niliwaza kwamba Mungu ametoboa ukuta kwa sababu. Naandika nilivyowaza, hata kama adjudant akicheka.

Kutoka siku ile nilitazama kila jioni ambayo Adalbert yuko safarini, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili. Wateja wakija nilisema niko na homa. Niliandika kwenye daftari: leo amevaa kitambaa cha kijani, leo amefua koti ambalo halikuwa chafu, leo amekaa bila kufanya kitu, saa nzima. Daftari lina siku mia moja na arobaini na tatu. Katika siku zote hizo hakuna mwanaume aliyeingia katika lupango ile, kiwanja chao, saa hizo, ila muuza makala ya kupikia mara mbili, na alibaki mulangoni.

Nilimuona pia akioga. Hilo sikutaka kuliandika, lakini bila hilo mengine hayaeleweki. Fasi yake ya kuogea ni mabati matatu, na bati moja limepinda upande wa kushoto. Alikuwa akinipa mugongo. Chini ya bega la kushoto ana alama nyeusi ya kuzaliwa, ndogo kama mbegu ya papai, na kando yake ingine ndogo zaidi. Nilizijua zile mbili kuliko vidole vyangu.

Naye alinijua mimi kiasi gani? Mara mbili alisema na mimi. Mwezi wa tano, juu ya ukuta, bila kuniona: "Weye wa rangi, ile mafuta yako inanuka mupaka mu chungu ya sombe yangu." Nikajibu, "Pardon, mama, ni tablo ya mukubwa moja." Hakukuwa na mukubwa yeyote. Mwezi wa saba, kwenye bomba la mayi, ndoo yangu ikifurika na mimi nimeinamisha kichwa, alisema nyuma yangu, "Kijana, tosha ndoo yako, imeisha kuyala." Basi. Maneno hayo niliyala mwezi muzima.

Mnamo tarehe 12 Agosti, Jumatatu, nilianza tablo la mamba muntu. Kila salon ya nyumba za muji huu inalo, yule mwanamuke mwenye mukia wa samaki anayekaa juu ya jiwe na kuleta utajiri. Wachoraji wengine wanamuchora kwa mbele, maziwa wazi, saa mukononi, wote dada wa tumbo moja. Mimi nilimugeuza. Nilichora mugongo wote, kichwa kimegeuka kidogo, uso hauonekani vizuri. Hakuna mutu Lubumbashi aliyewahi kuchora hivyo. Chini ya bega la kushoto niliweka alama mbili. Niliziweka kwa ncha ya majani, brosi ilikuwa nene mno. Ni kazi bora ya maisha yangu na ndiyo iliyomufunga Hortense.

Sikutaka kuliuza. Nililitundika kwangu majuma matatu. Lakini tablo linalotazamwa na mutu mumoja linakufa, au ndivyo nilivyojidanganya. Nililipeleka kwa Mama Angélique, mwenye baa mutaa wa Bel-Air, akalitundika juu ya friji.

Mnamo tarehe 14 Septemba, Jumamosi, saa kumi jioni, nilikuwa pale. Wanaume walikuwa sita au saba. Aruna, fundi cherehani, alisimama mbele ya tablo, akasema:

"Godefroid, hii mugongo ya nani? Hii haukuitosha mu kichwa, uliiona."

"Iko ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Weye muntu ya kulala na chupa ya terebentine."

Wakacheka wote. Mama Angélique akasema, "Mumuache mutoto, hajaona hata mugongo ya kuku."

Pale ndipo niliposema. "Ni Hortense, bibi ya Adalbert. Bwana yake anakamata treni, mie ninakamata zamu." Walipiga meza. Aruna alininunulia bia, Simba kubwa. Mutu ambaye hakuwahi kunipa mukono alinipa mukono. Nilikuwa mwanaume kwa muda wa chupa moja. Nilirudi nyumbani naimba, na saa kumi na moja na nusu niliinama kwenye kitobo kama kawaida. Alikuwa anapiga pasi koti.

Mnamo tarehe 19 Oktoba, Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, saa tisa mchana, Adalbert aliingia kwa Mama Angélique kuondoa vumbi la jembe kooni. Sikuwepo, nasema niliyoambiwa na Aruna. Adalbert alikunywa glasi nusu akainua macho. Aliweka glasi chini. Aliuliza nani amechora. Walimwambia, na mumoja mwenye mudomo akamwambia na lile la zamu.

Saa kumi alifika kwangu na tablo chini ya kwapa. Alinipiga kofi moja. Aliuliza, "Hii alama ulionea wapi?" Ningesema kitobo, angenivunja mugongo na mambo yangekwisha pale. Nilinyamaza. Nilikuwa na haya ya kitobo kuliko haya ya uzinifu. Mwenye kitobo ni mutoto muchafu. Muzinifu, angalau, ni mwanaume. Hivyo nilinyamaza, na alichukua kunyamaza kwangu akaenda nako kwa bibi yake. Nilisikia yote kupitia ukuta. Sitaandika.

Saa kumi na mbili gendarmes walimuchukua Hortense kwa shitaka la Adalbert. Alipita mbele ya mulango wangu bila viatu. Mimi hawakunichukua. Walisema nisitoke mujini, nitaitwa.

Sikungoja kuitwa. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa hapa. Nilisema, "Nilidanganya, mumufungue." Mulinzi alimwita mwenzake, "Kuya uone, hawara amekuya kulilia bibi ya muntu." Nilirudi saa sita. Nilirudi saa kumi. Waliniambia muke hali chakula, amekataa hata chai. Jumatatu nilileta daftari. Adjudant Kasimu alilifungua, akasoma kurasa mbili, akalifunga.

"Hii umeandika weye."

"Ndiyo, chef. Siku kwa siku."

"Muntu anaweza kuandika siku mia kwa siku moja. Na bar muzima ilisikia ukisema ingine."

"Kule nilikuwa najisifu."

"Na hapa?"

Nilipiga magoti kwenye simenti, pale karibu na benchi, mbele ya watu waliokuja kwa mambo ya baiskeli. Mimi, Mukuka. Nilisema wanifunge mimi mwaka, miaka miwili, wanavyotaka. Adjudant alisema gereza halibadilishwi kama nguo sokoni.

Leo, saa nne asubuhi, walituita ofisini, mimi na Adalbert. Tablo lilikuwa juu ya meza. Ndani pia alikuwa Bahati, kaka wa Hortense, aliyefika kutoka Lukafu juu ya gari la mahindi, unga bado kwenye nywele. Hortense hakuwepo.

Adjudant alichukua dosie ya kesi akafunika nusu ya tablo, upande wa kuume. Akaniuliza:

"Chini ya hii karatasi umechora nini?"

"Mugongo, chef."

"Iko na alama?"

"Hapana. Upande ile iko safi. Laini."

"Uko hakika?"

"Namujua huyu mwanamuke," nikasema. Nilisema kwa hasira, kama mutu anayeulizwa kama anajua jina la mama yake. "Namujua kuliko watu wote. Upande wa kuume hauna hata alama ya sindano."

Adjudant akamugeukia Adalbert. "Citoyen. Iko sawa anavyosema?"

Adalbert alitazama dirisha. Adjudant akasema, "Bibi yako njo alinituma niulize. Alisema, muulizeni kijana juu ya upande wa kuume, halafu muulize bwana yangu."

Kaka Bahati alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Iko na kovu," Adalbert akasema.

"Ya nini?"

"Mayi ya moto. Kutoka ku bega mupaka ku kiuno. Zamani, mwaka wa kwanza wa ndoa."

"Nani alimumwagia?"

"Alikuwa amechelewesha mayi ya kuoga."

"Nimeuliza nani."

"Mie."

Adjudant aliondoa dosie. Upande wa kuume ulikuwa pale, niliochora kwa kichwa changu, laini kama yai. Akasema mutu aliyelala na mwanamuke yule asingeuchora hivyo. Mutu aliyetazama kwa kitobo, bati likimufunika nusu, ndiye angeuchora hivyo. Hivyo daftari langu la siku mia moja na arobaini na tatu halikumusaidia kitu. Kilichomufungua ni kile nisichojua.

Nikakumbuka maneno aliyoliambia koti kwenye kamba. Bukari iko moto. Mayi ya kuoga iko tayari. Sikuchelewa. Miezi saba nilidhani ni upendo unaongea na koti. Alikuwa anajifunza somo lake.

Saa tano walimutoa. Niliinuka kwenye benchi. Nilikuwa nimevaa shati nyeupe, nilifua jana. Kaka yake alimupa viatu vyake mwenyewe, vikubwa, akavivaa. Adalbert alisema, "Hortense, twende nyumbani." Hakugeuka. Alikuja mpaka mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona uso wake karibu; pua yake nimeichora vibaya.

"Weye njo ule wa rangi?"

"Ndiyo, mama."

"Kitobo iko fasi gani?"

"Tofali la tatu kutoka chini, karibu na kisiki."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Alihesabu miezi kwa vidole, taratibu, mpaka akafika. Kisha akasema, wala si kwa ukali, "Pale nyuma ya mabati njo ilikuwa fasi yangu moya tu. Nilikuwa naambia roho, hapa hakuna muntu anakuona, pumuzika."

Nilitaka kumwambia jina langu. Alikuwa amekwisha kutoka.

Ndivyo nilivyoona, ndivyo nilivyodanganya. Nimeandika kwa mukono wangu, bila kupigwa na mutu wa brigade, na lile kofi la Jumamosi silidai. Naomba tablo lichomwe, au mulibaki nalo, lakini lisirudi juu ya friji. Naomba pia mutu wa serikali aje nami nizibe kitobo mbele yake, maana nikiwa peke yangu sijiamini.

(Sahihi) Mukuka, Godefroid

NOTI YA AFISA: Maelezo haya yameandikwa na shahidi mwenyewe mbele yangu. Shitaka la uzinifu limefungwa. Juu ya kovu, nimefungua dosie mupya. Citoyen Adalbert amekataa kutia sahihi. Saa kumi na nusu nilifika kwenye lupango. Nilitazama kwa kitobo: fasi ya kuogea inaonekana upande wa kushoto tu. Koti lilikuwa bado kwenye kamba. Citoyenne Hortense alikwisha kuondoka na kaka yake kwenda Lukafu. Kitobo kimezibwa na shahidi, simenti, ndoo nusu. Alipomaliza aliniuliza kama mwanamuke, kabla ya kupanda gari, aliuliza jina lake yeye shahidi. Nilimujibu kwamba hakuuliza. Ameomba niliandike na hilo.

Adjudant Kasimu