Wino wa njano uliisha, milki ikazaliwa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali sijui nicheke au nilie, na mume wangu, ambaye ndiye pekee anayeijua siri hii, kila nikimwomba ushauri anacheka mpaka anashika ukuta.

Nina duka la kuchapa, kadi za harusi, mabango, vitambulisho, na mwezi uliopita mwalimu mmoja aliniletea kazi ya ramani kubwa ya ukutani ya falme za kale, kila ufalme na rangi yake, nami kabla ya kuchapa yenyewe nikatoa nakala ya majaribio kuangalia vipimo tu, na wino wa njano ulikuwa umeisha lakini nikasema si neno, rangi za nini saa hizi, na pengine hujui, Mshauri, kwamba printa haina wino wa kijani, inachanganya buluu na njano, kwa hiyo njano ikikosekana kila palipotakiwa kuwa kijani panatoka buluu, na palipotakiwa kuwa njano panabaki peupe pee.

Nikanunua wino, nikamchapia mwalimu kazi yake safi, akaondoka ameridhika, ila ile ya majaribio nikaona kuitupa ni hasara, nikakata ukingo wa chini wenye maelezo ya rangi nikaufungia kadi za mteja, iliyobaki nikaibandika dukani, nikaipiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni na maneno haya tu: "Tunachapa mpaka ukubwa huu, karibuni." Kesho yake mtu nisiyemjua alishaichukua, akafuta maneno yangu akaweka yake: "Ramani waliyotuficha." Watu elfu arobaini wameisambaza! Ufalme wa kijani, ambao ni wa kina baba yangu, na jirani yake wa buluu wamekuwa dude moja la buluu linaloitwa Milki Kuu, na wapo wanaoeleza ilivyotawaliwa, kuna mmoja ametaja hadi idadi ya askari wake, na kule kweupe, ambako ni kwao mume wangu, wanasema hapakuwa na watu kabisa, wengine wanasema ni ukame, wengine volkano.

Sasa baba yangu amefundisha historia na jiografia miaka thelathini na mitano, na tangu astaafu alikuwa anakaa tu kwenye kiti cha dirishani, ukimsalimia anaitika, basi, lakini tangu aione ramani hii amefufuka, anapiga pasi shati mwenyewe, ameandika daftari zima. Akanijia dukani: "Nilikuwa nalihisi hili tangu enzi za darasani, mwanangu, ila vitabu vilininyima ushahidi. Nichapie." Na mimi, Mshauri, badala ya kufungua kinywa nikasema ukweli, nikamuuliza, "Ya ukubwa gani, baba?"

Akaileta nyumbani kwangu Jumapili. Baba mkwe wangu tunaishi naye, ni dereva wa malori mstaafu, na yeye na baba hucheza drafti barazani kwangu kila Jumapili, wanatukanana vizuri, wanakunywa chai, wanaagana. Siku hiyo aliitazama ramani, akaweka kidole kule kweupe, akauliza, "Kwa hiyo babu yangu alizaliwa kwenye karatasi tupu?"

Baba akamjibu, "Mkwe, si mimi ninayesema, ni ramani."

"Basi icheze drafti na wewe."

Akakusanya vizibo vyake vyote vya kuchezea akaingia ndani, na hawajasemezana wiki ya pili sasa. Kibaya zaidi, maktaba ya mji imemwalika baba azungumze Jumamosi kuhusu Milki Kuu, na baba mkwe ameapa kukaa mstari wa mbele na picha ya kaburi la babu yake. Nikisema, namrudisha baba kwenye kiti cha dirishani. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya watu. Nifanyeje?

Mchapaji Aliyeishiwa Wino

* * *

Mchapaji, marahaba. Pole, na pole yenyewe imeishia hapo.

Wino kuisha si kosa. Hata kuweka picha mtandaoni nakusamehe, ulikuwa unatafuta wateja. Lakini mzazi wako anasimama mbele yako na furaha yote ile, nawe unajua, halafu unamuuliza ukubwa! Hapo ndipo ulipoharibu, binti, na unapajua ndiyo maana umepaandika.

Nenda leo. Usimtume mumeo, atacheka. Chukua nakala ya majaribio, chapa tena ile kamili uliyomchapia mwalimu, yenye maelezo yake chini, chukua na kile kikopo kitupu cha wino wa njano kama hukukitupa. Viweke mezani mbele ya baba na useme: "Baba, ramani hii ni mimi, na nilikuficha." Usianze na "kuna jambo dogo." Si dogo. Ukishasema, nyamaza, umwache atazame. Ataumia. Huenda akakuambia uondoke. Usiondoke, kamchemshie chai.

Akipoa mkumbushe kwamba Jumamosi ipo palepale na watu watakuja. Hao elfu arobaini hawakumuuliza mtu nani ameichora, maelezo ya rangi yako wapi, na kwa nini chini pamekatwa. Nani wa kuwafundisha hayo kama si mwalimu wa miaka thelathini na mitano ambaye amenaswa yeye mwenyewe? Ila usimwandikie hotuba. Ataamua mwenyewe. Na hicho kiti cha dirishani kisikutishe: kilichomfanya apige pasi shati ni watu kumuuliza maswali. Uliwahi kumuuliza swali tangu astaafu? Anza.

Baba mkwe wako naye umwombe radhi wewe, kwa kinywa chako, kisha umchapie kwao kwa njano iliyokolea. Habari ya vizibo waachie wenyewe. Baba yako ana miguu, atafika barazani.

Mtandaoni weka ramani kamili na ueleze kilichotokea. Wachache watasoma, wengine watasema umehongwa uifiche milki. Usijibizane nao hata mmoja, utafunga duka.

Na yule uliyesema ametaja idadi ya askari, elfu kumi na mbili, mwambie mumeo asimcheke sana. Ni mimi. Shemeji yangu alinibishia, nikamwambia akasome kwanza. Nimeshika simu hapa, nampigia.