Picha Zako Nilizozikata

Ndugu yangu Njoroge,

Macho yananiuma na vidole vinanuka gundi ya filamu. Siku ya tisa leo niko kwenye meza yetu hapa chuoni, nakata na kuunga ile filamu yetu ya mwizi, uliyemwigiza wewe. Kazi tuliyoianza kwa vicheko naimalizia peke yangu, na nimechoka. Sijui kama barua itakufikia huko kambini ulikofungwa. Naandika tu, maana nisipoandika nitaanza kuongea na meza.

Unakumbuka ile radi? Mwalimu alitaka imulike mwizi anaporuka ua, nayo mvua ilikuwa imegoma mwezi mzima. Ukachukua sindano ya kushonea ukakwaruza filamu, picha kwa picha, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Tulipoitazama ukutani, radi ikapiga kweli. Ukasema, "Kiprono, Mungu akistaafu nitaomba hiyo kazi." Nilicheka mpaka nikamwaga gundi.

Ikabaki sauti ya bunduki, na hiyo ndiyo inayoninyima amani. Tulibeba mashine ya kunasa sauti hadi ghala tupu la maua ya pareto, kwa sababu mle ndani mlio unavuma vizuri. Ukagonga mbao mbili. Ukasema inatosha. Mimi ndiye niliyekataa: "Hapana bwana, huo ni mlango. Gonga tena." Ukagonga tena, na tena. Vijana wazima, wasomi eti, tunapiga milio ya bunduki wakati wa Hali ya Hatari, waasi wanasakwa kila kona, kando ya shamba la mzungu! Sijui akili tulikuwa tumeiacha wapi.

Askari wakaja mbio. Walipoziona mbao hata walicheka. Halafu mmoja wao, mfupi, akakuuliza jina, ukamwambia. "Pasi yako iko wapi?" Karatasi yako ya ruhusa ilikuwa bwenini, ndani ya koti. Mimi alisikia jina langu tu, si la kabila lililokuwa likisakwa, akasema, "Wewe enda." Nami nikaenda, Njoroge. Wewe wakakupeleka kambini.

Juzi mkuu wa chuo aliniita. Akataka nitoe kila kipande chenye uso wako kabla ya wazazi kuja Jumamosi kutazama, hataki maswali. Nikatoa. Wembe, gundi, wembe, gundi, siku mbili. Mwizi wetu akabaki kivuli na viatu.

Leo mchana mama yako amefika kwa miguu kutoka Njoro, kibali chake cha kutembea amekifunga kwenye pindo la leso. "Nimesikia mtoto wangu yuko kwenye picha," akasema. Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia yote: kwamba nimekukata kwa mkono wangu, na kwamba ni mimi niliyesema gonga tena. Akautazama wembe uliokuwa mezani.

"Hivyo vipande umevitupa?"

Sikuwa nimevitupa. Nikamtolea mkebe, nikamshikia ukanda mmoja dirishani kwenye mwanga. Alifumba jicho moja akakutazama, uso mdogo kuliko ukucha, picha moja baada ya nyingine.

"Amekonda," akasema. Kisha, "Kifungo cha shati nani alimshonea?"

"Mwenyewe, mama."

"Vizuri."

Akachukua ukanda mwingine. Aliendelea hivyo mpaka mkebe ukabaki mtupu, na hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu. Nimemsindikiza hadi barabarani nikamwomba arudi Jumamosi.

Kisha nimerudi mezani nikaviunga vipande vyote, kila kimoja mahali pake. Mkuu atanifukuza, najua, na nyumbani watauliza kulikoni. Ninaogopa, sikufichi. Lakini Jumamosi mama yako atakaa kiti cha mbele, taa zitazimwa, nawe utaruka ule ua mbele ya watu wote ukiwa na uso wako.

Ni mimi, ndugu yako wa meza moja, niliyeambiwa enda nikaenda,

Kiprono