Tumbo la Anastasie

Baraka, 14 Februari 2000

Godelieve binti yangu,

Ninakusalimu wewe, mume wako na watoto. Mimi ni mzima, ila miguu inauma mvua ikinyesha, na kwa mtu wa miaka sitini na moja hiyo si habari. Homa ya mtoto ilipoa?

Katika barua yako ya Desemba uliandika jambo moja kama kwa kupitia tu: ukila matonge matatu ya bugali unashiba, na sketi zinakubana kiunoni ingawa umekonda. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mama yako Anastasie alianza hivyo hivyo.

Kwetu baba hamwambii binti yake mambo ya tumbo. Hiyo ni kazi ya shangazi. Lakini shangazi yako alibaki Makobola pamoja na wale waliouawa, na mama yako tumemzika Novemba. Nimebaki mimi, niliyefundisha biolojia miaka thelathini. Basi nisikilize kama ulivyonisikiliza darasani.

Kila mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa tumbo la uzazi, na kila moja ina ukubwa wa karanga ndani ya ganda lake. Humo ndimo mayai yanamokaa. Kansa ikianza pale haipigi kelele. Tumbo linajaa, mtu anashiba upesi, anakojoa mara nyingi, kiuno kinauma. Ni mambo madogo, kila mwanamke ameyaona siku moja au nyingine, ndiyo sababu hayaogopwi. Majirani walisema mama yako ana mimba iliyojificha mgongoni, naye alikuwa na miaka hamsini na tatu. Walimcheka. Mimi nilimnunulia dawa ya minyoo. Miezi saba ilipita hivyo.

Si kila tumbo lililojaa lina ugonjwa huu. Mara nyingi ni kitu kingine. Lakini likidumu wiki tatu, nenda upimwe, na useme wazi kilichomuua mama yako, kwa maana ugonjwa huu unaweza kupita katika damu ya ukoo.

Nijibu.

Baba yako,
Isidore


Nyarugusu, 9 Aprili 2000

Papa,

Salamu. Tuko wazima. Homa ya mtoto imekwisha.

Hujaishi kambini, kwa hiyo hujui. Hapa ng'ambo ya ziwa, barua ikitoka Baraka ni ya watu wote wa Baraka. Mwenye mtumbwi anampa mwalimu Albert wa kanisa, naye anaifungua na kuisoma kwa sauti baada ya ibada, ili kila mtu ajue nani amekufa na shamba la nani limechomwa. Alisoma ya kwako mpaka mwisho. Alipofika kwenye ovari alidhani ni jina la kijiji, na alipoelewa alikuwa amekwisha kuchelewa. Vijana walicheka. Mama mkwe aliinuka, akatoka.

Papa, ulinivua nguo mbele ya watu. Sasa nikipita wananiangalia tumbo. Sitaenda kupimwa, na usiniandikie tena mambo hayo.

Binti yako,
Godelieve


Baraka, 20 Mei 2000

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Nimeifunga kwa gundi ya muhogo na kumwapisha mwenye mtumbwi kwamba ataiweka mkononi mwako.

Ninaomba radhi, kwa moyo wote, kwa njia iliyokufikisha kwenye aibu. Kwa yale niliyoyaeleza siwezi kuomba radhi. Nikasirikie hata miaka kumi, lakini uwe hai ukiwa umekasirika.

Nilimwomba pasta ruhusa ya kuzungumza na wanawake wa hapa. Alikataa: mwanamume hawezi kusimama mbele ya bamama na kutaja matumbo yao. Kwa kiasi fulani alisema kweli. Sasa nimemchorea mama Dorothée, kiongozi wao, picha ya ovari kwenye karatasi, na nimemweleza dalili mpaka akazijua. Atasema yeye.

Je, umekwenda?

Baba yako


Baraka, 3 Oktoba 2000

Godelieve,

Mitumbwi haikupita. Kulikuwa na risasi ziwani, upande wa Ubwari, tangu Juni. Labda uliandika na barua ikazama. Labda hukuandika.

Ninapika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Sikuombi maneno mengi. Niandikie kama uko hai, na kama umekwenda.

Baba yako


Nyarugusu, 28 Januari 2001

Papa mpendwa,

Sijui nikusalimu vipi baada ya kimya kirefu namna hii. Ninasikia hata samaki ni haba huko. Unakula?

Niko hai. Nilikwenda, lakini si kwa sababu yako.

Wiki moja baada ya barua kusomwa, mama Merveille, jirani yetu hapa kambini, alinifuata kwenye bomba la maji. Mume wake alibaki Lubondja, na tumbo lake lilikuwa limefura. Kambi nzima ilisema, "Ule mama iko na mimba, na bwana iko mbali. Ni ya nani?" Akaniuliza, "Ile barua ya papa yako iko wapi? Unisomee tena ile ya karanga." Nilimsomea mara tatu. Aliogopa kwenda zahanati ya kambi peke yake, nikamsindikiza, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale walinipima na mimi.

Walitupeleka sote wawili hospitali ya Kigoma. Kwangu walikuta uvimbe kama yai la kuku upande wa kushoto. Wameutoa pamoja na ovari yenyewe. Wanasema umewahiwa, na nirudi kila miezi sita. Yeye walimfungua, wakamfunga tena.

Alikufa Novemba. Lakini hakuwa peke yake, Papa. Bamama waliosema juu ya mimba yake walipeana zamu: huyu uji, huyu kufua, huyu kumgeuza kitandani. Mama mkwe wangu alimwomba msamaha. Tulimwosha tukiwa kumi na mmoja, tukamsuka nywele, tukaimba.

Wakati tunaimba niliwaza jambo ambalo sijakuuliza. Mwaka ule majirani wengi walikuwa wamekimbilia milimani. Mama aliuguzwa na akina nani? Nani walimwosha?

Mtoto wako,
Godelieve


Baraka, 2 Machi 2001

Mtoto wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa. Mungu awalinde bamama hao. Mshono usiubebeshe maji wala kuni bado.

Unauliza, nitajibu. Tumbo lilipozidi, maneno ya mimba yalikwisha na yakaanza maneno ya uchawi. Waliobaki mtaani waliogopa kuingia kwetu. Alipokufa niligonga milango minne. Wawili walijibu kwamba wanaumwa, wawili hawakufungua.

Unajua kwamba mwanamume haoshi maiti ya mwanamke. Nilichota maji, nikayapasha moto kidogo, sijui kwa nini. Nikafunga mlango, nikamwosha mimi. Nywele sikujua kusuka. Nilizifunga kwa kitambaa chake cha kijani, kikawa kimekaa upande, nikakifungua, nikafunga tena.

Sijamwambia mtu mwingine.

Baba yako,
Isidore