Viungo vya Zege Mbele ya Kinu cha Pamba

Mjukuu wangu Minza,

Mwadila, mayu. Sisi tu wazima. Bibi yako amemaliza kupalilia mahindi na anakusalimu.

Umeuliza kwa nini lami iliyowekwa juu ya zege hupasuka kwa mistari iliyonyooka. Mimi niliambiwa mapema, sikusikiliza.

Wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba, malori yalizidi, tukajenga kipande cha barabara cha namna hiyo mbele ya kinu, hapa Bariadi. Nilikuwa msimamizi. Fundi zege wetu, Masanja wa Nkololo, aliniambia, "Viungo vya zege, pale bamba moja linapokutana na jingine, vinacheza kwa joto na baridi. Tukate lami juu ya kila kiungo, tuzibe vizuri, la sivyo itapasuka yenyewe."

"Msimu wa pamba umefika," nikamjibu. "Lami itafunika."

Mvua zilipokuja, nyufa zilitokea juu ya kila kiungo, maji yakaingia, lami ikabanduka. Wakubwa wakasema zege la Masanja ni bovu, wakamfukuza. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Tulipoirudia kazi nilikata lami kama alivyosema, na ikadumu. Nikaenda Nkololo kumwomba radhi. Alinikaribisha maziwa, akauliza, "Mlikata viungo?"

"Tulikata."

Alifurahi mno, akamwita mkewe aje asikie. Nikashindwa kuiharibu furaha ile, nikajiambia nitamwomba radhi siku nyingine. Alifariki kabla sijarudi.

Watu hapa huiita barabara ya babu yako. Ukiwasimulia wenzako huko kazini, waambie ni ya Masanja.

Babu yako anayekukumbuka,
Limbu