Siendi Jandoni, Naenda Kutibiwa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana yaliyomo humu si ya kusomwa mtu akiwa wima. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua unapoinama kukagua magunia pale ghalani? Mkeo na watoto wazima? Huku kwetu mama watoto hajambo, na wanao hawajambo. Kifungua mimba amenipita kwa kimo na tayari anadhani amenipita na kwa akili. Mimi ningependa kusema sijambo kama ilivyo ada, lakini leo sisemi, kwa sababu nimeandika kukueleza ninaumwa nini na nitafanya nini.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe husema, mimi huitika. Nikianza neno unalimalizia wewe, tena vibaya. Karatasi haikatizwi. Isome mpaka chini, halafu ukasirike kwa mkupuo mmoja.

Ugonjwa wangu unaujua nusu, kwa kuwa nilikueleza nusu. Nilisema nina tatizo la mkojo. Ukweli ni kwamba ngozi ya mbele, govi kwa jina lake maana sisi ni watu wazima, imekaza. Ilianza kwa kuwasha, ikaja kupasuka, ikapona kwa makovu, na kila kovu likazidi kuibana. Sasa hairudi nyuma hata kidogo. Nikienda haja ndogo mkojo unajikusanya kwanza ndani ya ngozi mpaka inavimba, kisha unatoka matone matone huku nimeuma kola ya shati. Mambo ya chumbani ndiyo usiulize. Mimi na mama watoto tunalala kama abiria wawili wasiojuana.

Na mimi mwenyewe niliyazidisha, kwa kosa ambalo kinyozi tu ndiye angelifanya. Sisi vinyozi tuna imani moja: mteja akitoka vipele shingoni, mpake spiriti, akichubuka kisogoni, mpake spiriti, akilalamika, mwambie avumilie ndiyo inafanya kazi. Basi nikajifungia kwenye choo cha nyuma ya saluni na chupa yangu na pamba, nikajitibu. Sijui nilipiga ukelele wa namna gani, lakini mwenzangu Kipara, yule kinyozi mwenye upara ambaye kila mteja humwuliza yeye hunyolewa na nani, aliacha kichwa cha mtu nusu, akaja kusukuma mlango akidhani nimeumwa na nyoka. Nilimwambia nimejigonga. Akauliza wapi, nikamwambia kila mahali. Na mimi, mpumbavu niliyekomaa, wiki iliyofuata nikarudia, kwani si ndivyo ninavyowaambia wateja? Ngozi ikababuka, ikapona, ikakaza zaidi.

Mama watoto ndiye aliyenigundua. Aliona nakwepa kunywa maji mchana kutwa, akanipeleka hospitali kama anavyopeleka watoto, yaani hakuniambia tunakwenda wapi mpaka tulipofika.

Daktari ni mwanamke, tena kijana, rika la binti yako mkubwa. Najua hapo umeinua macho kutoka kwenye barua. Nami nilisita, nikashika mkanda wa suruali kama mtu anayeogopa kuibiwa. Akaniambia kwa upole kwamba amekwisha kuona wengi, na kwamba kwangu hatafuti kitu kingine ila ugonjwa. Alinipima sukari na, namshukuru Mungu, akasema sina. Akanipa dawa ya kupaka, akaeleza kwamba ngozi za wengine hulainika kwa dawa hiyo na kisu kisihitajike. Nilipaka kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia hata shuleni. Haikufaa kitu, makovu yalishakomaa. Niliporudi akasema wazi kwamba kilichobaki ni kutahiriwa, na kwamba nikiendelea kungoja, mkojo utakuja kuziba kabisa nifikishwe pale nimebebwa, na madhara yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Lakini akasema uamuzi ni wangu.

Ndipo nilipokupigia, nikakwambia daktari anataka nitahiriwe kwa ajili ya tatizo la mkojo. Ukasema baba aliingia kaburini kama alivyozaliwa, na babu vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kutuona pungufu. Ukasema tohara ya ukubwani ni aibu ya kujitakia. Na juu ya yote ukasema nikikatwa sasa, muuza vioo atakuwa ameshinda.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Huyo muuza vioo, kaka wa mama watoto, unamjua mdomo wake. Kwao wanaume wote hutahiriwa wangali wadogo, na tangu siku ya harusi yangu hajaacha kusema kila tukikaa mezani kwamba dada yake ameozwa kwa nusu mtu. Miaka yote hiyo mimi na wewe tumemjibu kwa kiburi, na kiburi hicho nilikipenda. Wiki nzima niliwanyoa watu bila kusikia wanachosema. Mmoja aliniomba nimpunguzie kidogo tu pembeni, nikampeleka hadi ngozi.

Habari zikamfikia. Nilikuwa nimemweleza Kipara kwa nini huenda nisionekane kazini siku kadhaa, na siri kwa Kipara ni maji kwenye chujio. Basi muuza vioo akatokea saluni mchana, watu wamejaa kwenye benchi, amebeba kioo kipya kikubwa cha ukutani. Akatangaza kwamba ni zawadi, kwamba hatimaye shemeji yake anakuwa mwanamume, na wahenga walisema kawia ufike. Benchi zima likacheka. Hata niliyekuwa namnyoa alicheka, mabega yakamtikisika.

Kaka, nilizima mashine. Nilimwuliza wale watoto anaowabeba mabegani kila akija kwangu, wanaomwita mjomba, walishuka na mvua? Nilimwambia dada yake alipoolewa aliolewa na mwanamume, na Jumanne mwanamume huyo huyo anakwenda hospitali. Nikamwambia siendi jandoni, naenda kutibiwa, kama anayekwenda kung'oa jino bovu, na sijaona anayepelekewa kioo kwa kung'oa jino. Nikamwomba atoke na zawadi yake. Kioo kilikuwa kizito, kilitaka watu wawili kukiinua. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumshikia upande wa pili, na hakuna aliyeinuka. Akatoka nacho peke yake, ubavu ubavu kama kaa.

Nilifurahi, sikufichi. Lakini nilipowasha mashine tena furaha ikanitoka, maana niliona kitu. Wewe na yeye mnasema neno moja. Yeye anataka nikatwe ili niwe mwanamume, wewe unataka nisikatwe ili nibaki mwanamume. Nyote wawili mmeuweka uanaume wangu mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo panapouma. Mimi sikatwi kwa ajili ya kumfurahisha, na sikubali kuoza kwa ajili ya kumkomoa. Na baba tumwache apumzike. Baba hakuugua ugonjwa huu. Angeugua, sijui angefanya nini, wala wewe hujui.

Kwa hiyo ni Jumanne asubuhi, nimekwisha kutia saini. Nitachomwa sindano ya ganzi na jioni nitakuwa nyumbani, kisha nipumzike mpaka kidonda kipone. Naogopa, kaka. Naogopa vibaya sana. Mkono wangu umeshika wembe maisha yake yote, lakini huku kwingine hakujawahi kuonja. Hata hivyo sikuandikii kuomba ruhusa. Miaka yote nimeomba ruhusa kwako, ya kuoa, ya kuhama, hata ya kufungua saluni. Hii siiombi.

Sasa soma polepole hapa, na kama kuna mtu karibu, ugeuze karatasi.

Ulipokuja kwenye mazishi ya shangazi ulilala kwetu. Bafu letu limepakana na chumba chetu, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Kila asubuhi uliingia, ukafungua bomba mpaka mwisho, maji yakamwagika kwenye ndoo, na hapakuwa na mtu anayeoga. Mama watoto alinong'ona kwamba shemeji yake atatumalizia maji. Nilimwambia anyamaze. Mimi nililijua bomba lile. Mimi nami hulifungua hivyo hivyo, ili walio nje wasinisikie. Na kupitia sauti ya maji nilikusikia ukimwita mama. Kaka, mama tulimzika mimi na wewe, na siku ile hukumwita hata mara moja.

Usimwulize mkeo, hajasema neno kwa mtu. Hata mama watoto hajui. Nilikusikia kwa masikio yangu, nikanyamaza, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na sikujua mdogo mtu anaanzia wapi kusema jambo kama hilo. Lakini uliponifokea kwenye simu, kwa ukali ambao hujawahi kunifokea nao, nikaelewa kwamba uliyekuwa unamkataza si mimi.

Nilimwuliza daktari, sikutaja jina wala udugu. Nilisema kuna mtu. Akajibu mtu huyo aje aonekane, kwamba si kila mmoja hufikia kisu, na pengine kwake dawa ya kupaka itatosha maana hajajimwagia spiriti kama watu fulani. Lakini aje, asingoje kubebwa. Mimi nimezika baba, mama na shangazi nikiwa nimesimama kando yako. Sitaki kuja kusimama kwenye kaburi jingine peke yangu kwa sababu ya muuza vioo na kipande cha ngozi.

Basi njoo Jumatatu. Waambie wa ghalani kwamba mdogo wako anafanyiwa upasuaji nawe unakuja kumsindikiza. Watakusifu, na hutakuwa umesema uongo. Asubuhi tutakaa kwenye benchi moja, mimi na wewe. Nesi atafungua mlango aulize mgonjwa ni nani, nami nitasimama. Ukisimama na wewe, sitageuka kukutazama. Nitasogea tu kidogo ili mlango ututoshe wawili.

Nisalimie sana mkeo, na watoto mmoja mmoja, usimsahau yule mtundu wa mwisho. Mama watoto anakusalimu. Chumba chako amekwisha kukitandika, kwa hiyo usipokuja utajibu kwake. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi