Dada, Sikulitaja Jina Lako

Dada Kemunto,

Umeniambia huko uliko jua linachoma hata asubuhi. Huku Nyaramba mvua imetunyima hata siku moja ya kuanika mahindi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Kila nikilikaribia jambo lenyewe, unaniuliza miguu ya Mama inaendeleaje, halafu unasema mwajiri wako anakuita. Sijui kama huwa anakuita kweli. Siku hizi mambo nisiyoyajua ni mengi, na hilo ni mojawapo.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuwa akisimama kwenye njia ya mtoni, akivuta sweta za wasichana waliotoka shule? Tulikuwa tumetoka kuchuma chai, vikapu mgongoni. Akanivuta. Wewe ulitua kikapu chako polepole, ukamwuliza jina la baba yake, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwuliza mgeni njia. Alipolitaja ukamwambia, "Sawa. Jioni nitapita kwenu nimsalimie." Hatukumwona tena pale. Tangu siku hiyo niliamini hakuna mwanamume anayeweza kukutisha.

Ndiyo maana sikuelewa ulipoacha kazi Kisii mjini, pale kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Ulirudi nyumbani na godoro na beseni, ukasema umepata wakala wa kukupeleka Uarabuni. Wiki haikuisha, meneja akampigia Mama simu. Nafasi yako ilikuwa wazi, na mimi, Moraa, ningeweza kuichukua. Mama alishukuru Mungu. Huyu si ndiye aliyeleta pikapu yake usiku ule baba yetu, Tata, alipozidiwa? Si ndiye, kama mzee wa kanisa, aliyeomba kwenye mazishi yake mpaka hata majirani tuliokosana nao wakalia?

Wewe ulikuwa Nairobi ukingoja ndege. Ulisema, "Asiende." Mama akakuuliza sababu. Ukanyamaza hadi tukadhani simu imekatika, kisha ukasema, "Aende basi. Lakini asikae naye mlango ukiwa umefungwa."

Shangazi walisema ni wivu. Mimi niliona ni maneno ya dada mkubwa, kama vile ulivyokuwa ukiniambia nisinywe maji ya mtoni.

Miezi ya mwanzo alinitendea vizuri, na hapo ndipo kichwa changu hukwama. Mama alipofanyiwa upasuaji wa goti alinipa ruhusa bila maneno. Kisha yakaanza mambo madogo, ambayo ukiyasimulia moja moja unaonekana mjinga. "Hiyo gauni imekukaa." Mkono mgongoni anapopita nyuma ya kaunta, na nafasi ya kupita ni kubwa. Ujumbe wa simu: "Umelala?" Nilikuwa nikimjibu, "Shikamoo mzee," nikitumaini heshima itamrudisha mahali pake. Haikumrudisha.

Siku ya stoo alinituma niangalie kama mabati ya rangi ya kijani yamebaki. Akanifuata, akafunga mlango. Alinishika kiuno, mkono mwingine ukaja kifuani. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama tunaongea bei ya saruji, "Barua yako ya kuajiriwa kabisa iko kwa meza yangu. Ni wewe tu unaichelewesha."

Nilimsukuma. Mabati yakaanguka kwa kishindo, na mpakiaji mmoja akaita kutoka nje akiuliza nani ameumia. Mlango ukafunguliwa. Nikarudi kaunta nikampimia mteja misumari. Saa kumi meneja akanunulia wafanyakazi wote soda, na mimi pia. Nikainywa. Mpaka leo sielewi kwa nini niliinywa.

Nilimwambia Mama siku ya Sabato baada ya ibada, tukichambua mboga za chinsaga nje ya jikoni. Hakuinua uso. Alisema neno moja, "Chinsoni," nawe unajua uzito wake: ile heshima inayotuzuia kutaja baadhi ya mambo mbele ya mzazi, hata kama yanatuua. Nilimwomba msamaha. Halafu nikashangaa naomba msamaha wa nini. Baadaye akasema, "Tumpelekee pasta. Mambo ya polisi hayarudi nyuma."

Tukakaa na wazee wa kanisa. Meneja alikuja, akavua kofia, akasema, "Kama nilimkosea huyu mtoto, anisamehe." Wakaniambia nimpe mkono. Nikampa. Wakaomba, wakasema limeisha. Njiani Mama alikuwa mwepesi, karibu acheke. Mimi nilikuwa nimeshikilia lile neno "kama". Je, aliomba msamaha au hakuomba? Na mimi, nilisamehe nini?

Jumatatu ujumbe wake ukaja: "Sasa tumeelewana."

Niliamua kuacha kazi. Msichana tunayelipa pamoja kodi ya chumba kule Nyakoe ndiye aliyeniambia kuna wakili mwanamke anayetoa ushauri bila malipo kanisani kwao, kwa Wakatoliki. Nikaenda, na barua ya kuacha kazi ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia. Wakili aliisoma, akanirudishia.

"Usiipeleke bado," akasema. "Ukiondoka kwa sababu wamekufanya ushindwe kukaa, sheria inaweza kukuhesabu kama mtu aliyefukuzwa. Lakini kwanza waandikie kwamba umelalamika. Duka lina wafanyakazi wangapi?"

Nikamwambia, pamoja na wapakiaji na madereva, tunapita thelathini.

"Basi wanatakiwa wawe na utaratibu ulioandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Ikifika watu ishirini, mwajiri hana hiari."

Dada, pale dukani ulishawahi kuona utaratibu wowote zaidi ya ule wa kukataza kukopesha?

Alinieleza njia, na kila njia iliniongezea mzigo. Ningeweza kulalamika kwa mwenye duka. Ningeweza kwenda kwa afisa wa kazi wa kaunti, au mahakama ya kazi, kudai fidia. Ningeweza kwenda polisi, kwa kuwa mtu mwenye mamlaka kazini akikusumbua hivyo anatenda kosa la jinai, na kukushika mwili bila ridhaa yako ni kosa pia. Njia moja haikuzuia nyingine. Nikamwuliza kuhusu maombi ya wazee, na ule mkono niliompa.

"Mkono ni wa kanisa," akasema. "Kosa la jinai wazee hawawezi kulifuta. Lakini jua hili pia: kesi ikishafunguliwa, si yako peke yako tena. Ni mwendesha mashtaka wa serikali anayeamua kuiondoa, si wewe wala mama yako."

Kumbe Mama alisema kweli, mambo ya polisi hayarudi nyuma. Nilikuwa nimekuja kutafuta mlango wa kutokea, nikaonyeshwa milango minne, na mmoja haufunguki kutoka ndani.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Kuna mwingine aliyewahi kufanyiwa hivi na yeye?"

Ndipo nikakuona, dada. Nikaona godoro na beseni. Nikasikia kile kimya chako kwenye simu. Lakini najua nini mimi? Hujawahi kuniambia kitu. Labda uliondoka kwa sababu ya mshahara, kama ulivyosema. Labda mimi ndiye ninayekushonea nguo isiyo yako, ili nisiwe peke yangu. Nikajibu, "Sijui." Akaniangalia kidogo, akasema kwamba katika makosa ya aina hii mahakama inaweza kuamini neno la mlalamishi mmoja, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Nililia pale. Sijui kama nililia kwa nafuu au kwa hofu.

Sikulala siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nikapita njia ya dukani, nikaendelea moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Askari wa kwanza aliniuliza kama sisi ni wapenzi tuliokosana. Nilitaka kurudi. Afisa mwanamke wa dawati la jinsia alinichukua, akaandika yote, akasoma ujumbe wa simu mmoja baada ya mwingine. Nilitaja stoo, mabati, mpakiaji aliyeita. Jina lako sikulitaja. Mpakiaji huyo, ambaye nilidhani ataogopa, alikuja kuandikisha maneno yake akiwa bado na vumbi la saruji.

Meneja ameshtakiwa. Mwenye duka amemwambia akae nyumbani hadi kesi iishe, na mimi bado niko kaunta. Nusu ya wafanyakazi hawanisalimii. Kanisani wapo wanaosema nimemlipa mtu mema kwa mabaya, na kuna usiku nakubaliana nao, nikikumbuka ile pikapu. Mtu anaweza kuwa alimkimbiza Tata hospitali kwa moyo safi na bado akafunga ule mlango? Nikipata jibu nitakuambia.

Mama alisema hatakuja mahakamani, magoti yanamuuma. Nilikwenda peke yangu. Kesi ilipoitwa, mwendesha mashtaka akauliza kama mlalamishi yupo, nikasimama. Nikasikia benchi la nyuma likigongwa. Mama alikuwa amesimama pia, na gauni lake la Sabato, ameshikilia mwavuli. Sijui alifikaje, wala sijui alitoka nyumbani saa ngapi.

Karani akamwambia kwa upole, "Mama, wewe keti. Tunataka mlalamishi, na ni mmoja."

Mama hakuketi. Akasema kwa Kiswahili chake cha taabu, na ukumbi wote ukasikia, "Mimi niko na wasichana wawili."

Sikuwa nimemwambia lolote kukuhusu. Lolote, dada. Na tulipotoka hakueleza, nami sikuuliza. Tulinunua ndizi, tukarudi nyumbani.

Hii barua haikudai kitu. Usipotaka kusema, kaa na kimya chako, mimi nitalibeba jambo langu. Ukitaka kusema, mimi na Mama tuko huku, tutakusikiliza, na mlango tutauacha wazi.

Jifunike kichwa jua likikaza.

Mdogo wako,
Moraa