Mkono wa Baba Umehamia Kulia

Alhamisi, Korogwe. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha.

Kesho saa nne maonyesho yangu yanafunguliwa. Picha kumi na saba, zote nimezichonga kwenye mbao, nikapaka wino, nikalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ikashika. Zimetundikwa kwenye ghala la zamani la mkonge hapa Kwamndolwa, ambalo dada Rehema amelipaka chokaa na kuliita nyumba ya sanaa. Watu wangu wote wana macho makubwa na nywele zinazopeperuka, kama zile katuni za Kijapani nilizokulia nazo. Mmoja ni mama ntilie wa stendi ya Handeni, ameruka juu angani na mwiko wake.

Naogopa. Niseme tu ukweli, naogopa mpaka chai imenishinda.

Wageni siwaogopi. Namwogopa baba.

Picha ya kumi na saba ni yeye. Mashine ya kuchakata mkonge ilimkata mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kabla sijazaliwa. Tangu hapo anavaa mashati ya mikono mirefu, jua liwake lisiwake, na kwenye picha za harusi husimama nyuma ya bega la mama ili upande ule usionekane. Nyumbani hakuna anayeligusia jambo hilo. Mimi nimemchonga katikati ya shamba la mkonge, ana mkono wa chuma unaotoa cheche.

Sijamwambia.

Kuna kitu sijawahi kukiandika hapa. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa naishi kwa shangazi, Chanika. Nilipoona kwenye katuni shujaa mwenye mkono wa chuma, nikawatangazia wenzangu kwamba baba yangu naye anao, ameuficha ndani ya shati. Siku alipokuja kunitazama shuleni walimzunguka wakitaka awaonyeshe. Mmoja akavuta shati, wengine wakafuata. Baba hakunigombeza. Alinipa mfuko wa machungwa, akaondoka, na hakukanyaga tena pale mpaka namaliza shule.

Na sasa nimemtundika ukutani.

Leo asubuhi nilirudi nyuma hatua chache kuangalia kama fremu imenyooka, ndipo nilipouona ule mkono wa chuma. Uko upande wake wa kulia. Kilicho kushoto kwenye ubao hutokea kulia kwenye karatasi. Hilo mwanagenzi analijua siku ya kwanza. Picha nyingine zote nilizichora kinyume kabla ya kuchonga. Hii niliichonga harakaharaka, mlango nimeufunga kama mwizi, nikasahau. Nimeishi nayo miezi mitatu na sikuona. Mtoto gani hajui baba yake hana mkono upi?

Nilikuwa nanyoosha mikono kuishusha alipoingia mwenyewe. Nilimtegemea kesho, kumbe alikuwa anatoka shamba akaamua kupitia. Nikamwamkia, shikamoo yenyewe ikatoka nusu. Alizunguka polepole, akacheka kidogo mbele ya picha ya mama ntilie, kisha akajifikia mwenyewe ukutani. Akasimama. Mimi nikaanza kubwabwaja kwamba nimekosea upande, kwamba kwenye ubao uko sawasawa, kwamba naishusha sasa hivi.

"Huo ubao uko wapi?" akauliza.

Nikamletea. Aliketi, akaupakata, akachomoa mkono wa shati uliokuwa mfukoni na kuukunja. Halafu akapitisha kigutu chake juu ya mkono niliouchonga, taratibu, kurudi na kwenda. Sikuwahi kukiona kigutu hicho mchana kweupe.

"Karatasi iache hapo waitazame. Huu nakwenda nao."

Akaubana kwapani, akaondoka bila kugeuka.

Mchana kutwa nimewaza jiko la kuni la mama. Ubao mkavu namna ile unawaka vizuri mno.

Saa kumi na moja mama akapiga simu. Nilimuuliza ubao uko wapi kabla hata ya salamu, akanikumbusha adabu kwanza. Kisha akasema ubao uko juu ya kabati, kando ya redio, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Nikashusha pumzi. Mama akashusha sauti.

"Ameniambia nimpigie pasi shati la mikono mifupi. La kuvaa kesho."

Sikujua hata kama analo.

Nilidhani nikisikia hivyo woga utaniisha, lakini umezidi. Watu watamkodolea macho. Safari hii ameamua mwenyewe, ila ni mimi niliyewaita.

Siku ile walipomvuta shati nilijificha nyuma ya choo cha shule, nikasubiri mpaka kelele zikaisha. Kesho nitasimama kushoto kwake.